Dakika Tatu

Niliajiriwa siku mbili, kalamu yangu mwenyewe,
kuandika watakayosema watu wa Mombasa
kuhusu mswada wa kubadili katiba.
Fomu ina safu nne: jina, mtaa, ibara, maoni.
Safu ya maoni ni upana wa vidole vitatu.

Tuliambiwa saa tatu. Saa tano mwenyekiti akaingia
na chupa yake ya maji na lawama zake kwa feri,
maana tume ililala Diani.
Nakala za mswada zilikuwa kumi na mbili,
ukumbi una watu mia tatu,
na zote kwa Kiingereza.
Feni zilikuwa zimekufa. Waliobahatika kupata nakala
wakajipepea nazo.

Wakili wa tume akaeleza:
rais atabaki na bendera na gwaride,
serikali itaendeshwa na waziri mkuu
atakayetoka bungeni,
na bunge litaweza kumng'oa
kwa kura ya kutokuwa na imani.
Hapo ukumbi ukacheka. Si kwa ubaya;
ni vile kutokuwa na imani
tunako siku nyingi, bila kupigiwa kura.

Dakika tatu kila mtu.
Kengele imeazimwa shule ya msingi.

Dama Chengo, Kisauni: je, huyo waziri mkuu
atapunguza ushuru wa gunia la viazi Kongowea?
Ibara: hakuna.

Owuor Magero, Changamwe, kibarua wa bandarini:
reli ilibeba kontena, ikabeba na kazi zake.
Hicho cheo kipya nacho kitashukia bara?
Ibara: nikaweka alama ya kuuliza.

Mwanatime Shebwana, Majengo. Hakushika maikrofoni.
"Nyumba ni yangu. Udongo nilikanda, mabati nilinunua,
choo nilichimbisha mimi. Kiwanja si changu.
Kila mwezi nalipia ardhi kwa mtu nisiyemjua sura,
na wakala wake akiamka vibaya
naambiwa niibebe nyumba yangu niondoke nayo.
Sasa hapa mwasema mamlaka yote ni ya wananchi.
Nimefurahi.
Nauliza tu: tuliyopewa ni nyumba,
au ni kiwanja?"

Wakili aliinama akatafuta kitu mkobani.
"Asante, mama," mwenyekiti akasema,
"hilo ni la Wizara ya Ardhi."
Safu ilinijaa. Nikaandika pembeni,
nikageuza karatasi, nikaandika mgongoni.

Wa mwisho Shekue Athmani, fundi saa, Mwembe Tayari.
Akafungua kijikaratasi cha risiti:

*Mwaifungua katiba, mwaishona kwa kiraka,
Kila ajaye kwa shiba, kifungo hukipachika,
Kwetu sisi ni msiba, shingoni inatushika,
Fundi kabla ya kuziba,*

Kengele.
Fundi saa hakubishana na dakika.
Alikunja risiti, akaketi,
na ule mstari ukabaki umesimama kwa mguu mmoja
hadi tulipokunja viti.

Miezi minne baadaye ripoti ikatoka, nene kama tofali.
Niliitafuta Mombasa, nikaipata chini ya jedwali:
*Wananchi walijitokeza kwa wingi
na kwa jumla waliunga mkono.*
Viazi havimo. Reli haimo.
Nilipekua tena, nikidhani nyumba
pengine imewekwa kwenye kiambatisho.

Jana nilipita Mwembe Tayari, saa yangu imesimama.
Shekue alikuwa na lenzi jichoni, hakuinua kichwa.
Nikamwambia: nina kipande chako,
nimelala nacho tangu siku ile.
*Hupima wa kumvika.*
Akahesabu kwa vidole juu ya kioo cha kaunta,
taratibu, mpaka vikawa vinane.
"Mizani imetimia," akasema. "Wao waliandika ngapi?"

Nikamwonyesha vidole vitatu.
Akaichukua saa yangu,
akaifungua mgongo.